Mgonjwa wa Kila Mtihani

Mjomba wake alikuwa na bucha, na mtu mwenye bucha huheshimu kisu. Kwa hiyo siku mpwa wake, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa mwisho, alipotangaza mezani kwamba anataka kusomea ubingwa wa ngozi, Mjomba aliweka kikombe chini, akamtazama dada yake, akamtazama tena mpwa, kisha akauliza kwa sauti ya msibani, "Ngozi? Ngozi hii ya nje?"

"Ndiyo, Mjomba. Ngozi hii ya nje."

"Yaani wateja wangu wote nimeshawaambia mtoto wetu atapasua matumbo, atashona mioyo, kumbe atapaka watu mafuta! Lo! Mtoto wa dada yangu dokta wa chunusi!"

Basi jina likaganda hapo hapo. Dokta Chunusi. Mjomba alilitoa kwa hasira, majirani wakalipokea kwa kicheko, na haukupita muda hata mama yake mzazi akawa anamwita hivyo anapomtuma uzi dukani. Nasi tumwite hivyo hivyo, maana mwenyewe alishachoka kulipinga.

Kitu ambacho Mjomba hakukijua, na wengi hawakijui, ni kwamba katika hospitali ile kuingia ubingwa wa ngozi kulikuwa kugumu kuliko kuingia upasuaji. Upasuaji ulikuwa na nafasi za kutosha, na bado uliwabembeleza watu. Ngozi ilikuwa na nafasi moja. Moja, bwana, na hiyo nayo ikitangazwa mwaka huu, mwakani hairudi. Ukiikosa unapelekwa kituo chochote ukatibu homa na kuhara, na ikija kutangazwa tena unakuta wadogo zako wa chuo wameshika mstari wa mbele na vichwa vyao bado vina moto. Wenye midomo walisema ngozi inagombewa kwa sababu haina dharura, daktari wake analala usingizi wake. Huenda. Dokta Chunusi hakuwa na habari na usingizi. Yeye alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilikuwa imekaa sebuleni nyuma ya cherehani.

Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na mikono yake ilikuwa na mabaka meupe kuanzia vidoleni hadi karibu na viwiko. Hayaumi, hayaambukizi, hayana neno. Lakini nenda kawaambie watu! Wako wateja waliokuwa wakileta kitambaa wakakibwaga mezani na kurudi nyuma, ili mkono usije ukagusana na mkono. Mama alijifanya haoni. Mtoto alikuwa anaona. Siku moja, yeye akiwa bado shule ya msingi, walikwenda kliniki ya ngozi, na daktari mmoja ambaye hata jina lake hawakulijua akaichukua ile mikono miwili kwa mikono yake mitupu, akaigeuza, akaipapasa kwa dole gumba, akakaa nayo hivyo mbele ya foleni nzima bila haraka yoyote. Hakumponya. Mabaka yapo mpaka leo. Ila mama alitoka pale kifua mbele, na njia nzima alikuwa anaimba. Mtoto akasema moyoni, na mimi kazi yangu ni ile. Tangu hapo hakubadili.

Sasa kutaka ni kitu kimoja, kujiandaa ni kitu kingine. Vitabu vilikuwepo, lakini picha nyingi zilikuwa za watu weupe. Kitabu kinakwambia, "utaona wekundu." Wekundu gani? Ngozi ya Mjomba ikivimba inakuwa zambarau, au kijivu, au inazidi weusi tu na kupata joto. Ukingoja wekundu utangoja mpaka kiama. Kwa hiyo Dokta Chunusi alijifundisha kwa macho na vidole. Alisoma shingo za watu kwenye foleni ya benki. Alisoma miguu ya watu kwenye ngazi. Siku moja sokoni alimfuata mwanamume mzima kutoka kwenye vitunguu hadi kwenye mkaa, macho yote kwenye sikio lake, mpaka mke wa yule bwana akageuka na kumwuliza, "Dada, kuna ulichopoteza hapo?" Jikoni kwao kukawa kliniki. Jirani analeta kipele, mwenzake analeta upele, shangazi analeta kucha. Wote aliwashika, wote aliwaambia la kweli, na alipokuwa hajui alisema hajui, akaenda kutafuta.

Alikuwa na mwenzake wa kusoma naye, kijana waliyemwita Kamusi. Huyo alikuwa na kichwa cha ajabu. Ukimwuliza saa ngapi, atakutajia na ukurasa. Walikaa meza moja maktaba, wakaulizana maswali, wakacheka, na wote wawili walijua kwamba nafasi ni moja na kila mmoja anaitaka. Hawakufichana. "Ukiipata wewe," Kamusi alimwambia, "nitakununia siku mbili tatu, halafu tutaendelea." Dokta Chunusi alisema na yeye atanuna, ila wiki nzima.

Tena kulikuwa na jambo moja la hospitali ile ambalo halikuandikwa mahali popote, lakini kila mwanafunzi alilijua. Mtihani wa kuingia ngozi haukuwa wa karatasi peke yake. Kila mwombaji alipewa mgonjwa wa kweli nyuma ya pazia na dakika ishirini za kumpima, kisha anasimama mbele ya watahini watatu na kueleza alichokiona. Na mgonjwa anayekubali kukaa kutwa nzima akivuliwa shati na mtu huyu, akitoka huyu anaingia huyu, hapatikani kirahisi. Ndiyo maana waliitwa wale wale. Mkubwa wao alikuwa mlinzi mmoja mstaafu, mwenye soriasisi, yale magamba meupe makavu, kwenye viwiko na magoti. Magamba yake yalipangana vizuri hata ungedhani yamechorwa kwa ajili ya kitabu. Aliitwa kila mtihani, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka wanafunzi wakamwita Mzee Mtihani.

Mwenyewe jina alilipenda. "Nimefaulisha madaktari wengi kuliko hao maprofesa," alikuwa akisema, na wala hakuwa anatania, kwa sababu Mzee Mtihani alikuwa na ugonjwa wa pili: alinong'oneza. Akikupenda, yaani ukimwamkia vizuri na usimshike kwa mikono ya baridi, alikuinamia sikioni akakupa jina la ugonjwa, ulianza lini, dawa gani, na hata swali ambalo Profesa hupenda kuuliza. Watahini walijua. Walijifanya hawajui.

"Ukimpata Mzee Mtihani," Kamusi alisema, "umeipata pepo ukiwa hai."

Dokta Chunusi alijiandaa kwa wagonjwa wote, lakini kwa Mzee Mtihani alijiandaa zaidi, nani asingefanya hivyo? Jioni, Mjomba akishafunga bucha, alilazwa kwenye benchi la sebuleni akawa mgonjwa.

"Pole, mzee. Shida ni nini?"

"Aaah! Nakufa, daktari! Viwiko vyangu jamani!"

"Mjomba, soriasisi haiumi hivyo."

"Wewe umewahi kuumwa nayo?"

"Hapana."

"Basi niache niumwe ninavyojua."

Mama alicheka mpaka uzi ukamkatikia kwenye sindano. Lakini walirudia, na wakarudia tena, mpaka Mjomba mwenyewe akawa anaijua soriasisi kuliko anavyojua nundu na sarara ya ng'ombe. Mteja akija buchani amekunja mikono ya shati, Mjomba anamkagua viwiko kabla hajampimia nyama. Ile hasira ya chunusi ilikuwa imeanza kupoa, ingawa hakuikiri.

Siku ya mtihani, korido ya kliniki ya ngozi ilikuwa imefagiliwa, madirisha wazi, na waombaji wamekaa kwenye mabenchi, makoti meupe yamepigwa pasi hadi mifukoni. Kuzungumza kulikuwa marufuku. Dokta Chunusi alichomoa kikaratasi kwenye boksi, akakifungua. Pazia la nne. Na kila mtu alijua nyuma ya pazia la nne yuko nani. Kamusi ndiye aliyekuwa anatoka huko. Alimpita kimya, sheria ni sheria, ila alimkonyeza jicho moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu mikono." Akaishika, akaridhika. "Ya moto. Vizuri. Sogea hapa." Akainama, akashusha sauti. "Soriasisi. Viwiko na magoti. Ilinianza nilipoacha kazi. Kucha zina vishimo, Profesa lazima ataziuliza, na viungo vya vidole pia. Kichwani ipo kidogo. Umeshika? Haya, jifanye unanipima."

Dokta Chunusi alicheka bila kupenda. Alivitazama viwiko, vilikuwa kama vilivyosimuliwa. Alimwomba apande kitandani ayaone magoti. Mzee akaweka mguu kwenye kigoda, na hapo ndipo jicho la Dokta Chunusi liliponasa. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimekanyagwa nyuma, kimelala kama kandambili, na mzee alipanda kwa ncha ya vidole. Kisigino hakikugusa chini hata mara moja.

"Mzee, huo mguu una nini?"

"Kiatu kinabana."

"Naomba niuone."

"Weee!" Mzee akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu anayepotea njia mchana. "Huko chini hakuna mtihani, mwanangu. Mtihani uko kwenye viwiko. Miaka yote hii hakuna aliyenivua viatu. Tazama kucha, muda unakwenda."

Na muda kweli ulikuwa unakwenda. Nje ya pazia alikaa muuguzi mwenye saa na kengele, na kiti chake kililia kila alipojigeuza. Dokta Chunusi alijua hesabu yake vizuri: kucha zina alama, viungo vina alama, kichwa kina alama. Kisigino hakina. Angeweza kumwambia mzee, baba, ukitoka hapa nenda kaonwe huo mguu. Angekuwa amesema. Nani angemlaumu? Lakini jicho likishaona limeona. Aliogopa, tusidanganyane. Kisha akasema moyoni, liwalo na liwe, akapiga goti sakafuni na kushika kiatu.

Soksi haikutoka. Ilikuwa imegandana na kitambaa alichofungia kisigino, na kitambaa kimegandana na ngozi. Kuvuta asingeweza. Alichukua chupa ya maji ya chumvi kwenye kitoroli, akalowesha, akangoja, akalowesha tena, na mzee huku juu anahesabu hasara kwa niaba yake. "Hizo ni kucha zinakwenda," alisema. Baadaye kidogo, "Hivyo ndio viungo." Soksi ilipoachia, alikuwa ameshanyamaza.

Kwenye kisigino kulikuwa na doa jeusi, pana kuliko kifuniko cha chupa. Ukingo wake haukuwa na mpangilio. Huku umeingia ndani, kule umetambaa nje. Sehemu nyeusi tii, sehemu ya kahawia, sehemu ya rangi ya samawati iliyochafuka. Katikati palichubuka, na palikuwa pabichi.

"Nilikanyaga msumari," mzee alisema haraka. "Ni damu imevilia tu."

"Lini?"

"Mwaka jana. Au mwaka juzi. Msumari wenyewe sikuuona, lakini utakuwa msumari."

Alitoa kilenzi chake chenye taa, akakiweka juu ya doa, akainamisha jicho. Ngozi ya unyayo ina matuta na mifereji, mistari ile ile inayoacha alama za miguu. Doa lisilo na neno hujilaza mferejini. Hili lilikuwa limepanda juu ya matuta. Alitazama upande mwingine wa doa akitumaini kuona tofauti. Matuta tena. Akapapasa nyuma ya goti, akaomba ruhusa akapapasa kinenani, akitafuta uvimbe wa tezi, ishara ya ugonjwa uliosambaa. Hakuna. Alishukuru kimoyomoyo, akapapasa tena kuhakikisha.

"Mbona umenyamaza?" mzee akauliza.

"Kwa sababu sina hakika, mzee, na sitaki kukudanganya. Hili doa halinifurahishi. Lazima likatwe kipande, lipimwe."

Kengele ikalia.

Watahini walikaa nyuma ya meza ndefu: mtaalamu mgeni kutoka hospitali nyingine, daktari mwenye miwani aliyeshika karatasi ya alama, na katikati yao Profesa, mama mfupi mwenye mvi, mkuu wa ngozi, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kunyamaza. Wanafunzi walisema Profesa akikupigia kelele shukuru. Akikutazama tu, umekwisha.

"Anza," akasema.

"Mgonjwa wangu ana magonjwa mawili. Naomba nianze na lile ambalo hamkuniwekea."

Mwenye miwani akainua kichwa. Dokta Chunusi akaeleza kisigino, rangi, ukingo, kidonda, matuta na mifereji. Akasema anahofia melanoma, saratani ya ngozi, na kwamba mzee asirudi nyumbani kabla ya kukatwa kipande cha kupima.

"Dada," mwenye miwani akasema kwa upole wa mtu mwenye njaa, "mgonjwa wa pazia la nne ni wa soriasisi."

"Ndiyo, daktari. Soriasisi anayo."

"Kucha zake zikoje?" Profesa akauliza.

"Sikuzitazama. Mwenyewe ameniambia zina vishimo."

Mtaalamu mgeni alikohoa kuficha kicheko.

"Viungo?"

"Sikuvigusa."

"Kichwani?"

"Sikufika, Profesa. Muda uliniishia kwenye soksi."

Kalamu ya mwenye miwani ilishuka karatasini, sufuri, sufuri, sufuri. Profesa alimtazama tu. Kisha akafanya kitu ambacho hakikuwahi kuonekana katika mtihani ule. Alisukuma kiti nyuma, akasimama, akatoka nje bila kuaga, na viatu vyake vikasikika vikienda upande wa pazia la nne. Hakurudi. Baada ya kungoja sana, mwenye miwani akamwambia Dokta Chunusi anaweza kwenda.

Nyumbani, Mjomba alikuwa amefunga bucha mapema ili asikie. Aliposikia, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Umepewa viwiko ukaenda kwenye kisigino! Mteja kaomba maini, wewe unampimia mifupa! Mimi nimelala kwenye benchi lile mpaka mgongo umepinda, kwa ajili ya viwiko!"

"Mguu ulikuwa unaumwa, Mjomba."

"Si ungemwambia mwenye mguu aende hospitali?"

"Alikuwa hospitali."

Mjomba akashusha mikono kutoka kichwani. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli. Alikuwa hospitali," akaenda kusimama dirishani.

Dokta Chunusi akalia, na alilia vibaya, kamasi na kwikwi, kama mtoto. Mama akaacha cherehani akaja kukaa naye kwenye benchi. Hakumwambia kwamba yote yatakuwa sawa, kwa sababu hakujua. Alisema, "Nimeumia mwanangu, nimeumia sana, nilikuwa naitaka nafasi hiyo kuliko wewe. Lakini ungekuja hapa na nafasi halafu ukaniambia uliuona ule mguu ukaupita, sijui ningekutazama vipi." Wakakaa hivyo. Mjomba alichemsha chai mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na chai ilikuwa mbaya kabisa.

Wiki iliyofuata aliitwa. Alimkuta Kamusi kwenye korido, ameegemea ukuta karibu na mlango wa Profesa, tai imelegea.

"Katuita wote tuliompima mzee," Kamusi alisema. "Mmoja mmoja. Anauliza swali moja tu: mzee anachechemea mguu gani?"

"Ukasemaje?"

"Wa kushoto. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia nimebahatisha, Profesa. Sikumtazama akitembea. Nilikuwa narudia orodha kichwani." Akasugua uso. "Ukurasa wa melanoma ya unyayo naujua mpaka nukta. Ungenishtua usingizini ningekusomea. Na mguu wenyewe ulikuwa mbele yangu, hatua mbili. Ingia, anakungoja."

Chumba cha Profesa kilikuwa kidogo, kimejaa mafaili na harufu ya spiriti. Profesa alimwonyesha kiti.

"Majibu ya maabara yamerudi," akasema. "Ni melanoma."

Dokta Chunusi alikuwa amejua, na bado alikuwa ameomba awe amekosea.

"Ni nyembamba. Haijazama, haijasafiri. Wapasuaji watakata sehemu ya kisigino na kuziba kwa ngozi ya paja. Mguu anabaki nao." Akafunga faili la mzee. "Yule mzee nimemtibu tangu nywele hizi zikiwa nyeusi. Mjukuu wake namjua kwa jina. Nimemwonyesha kwa madaktari sijui wangapi, na sote tulikuwa tunajua anaumwa nini, ndiyo maana hakuna aliyempima. Mimi wa kwanza. Lilikuwa linanikera tangu siku ile, sasa nimelisema."

Akalisogeza lile faili pembeni.

"Kwa alama, wewe ni wa tatu," Profesa akaendelea. "Usijidanganye, kucha ni muhimu, na siku nyingine utatazama vyote viwili, hata ukimbie. Wenzangu walitaka tufuate karatasi. Nikawaambia karatasi ile niliitunga mimi, na haina mstari wa kumwona mtu. Tumebishana mpaka nikakaukwa koo. Mgeni akaja upande wangu. Mwenye miwani bado amenuna, mwache anune. Nafasi ni yako."

Alitaka kucheka, akajikuta analia tena, safari hii bila kwikwi. Profesa alimngoja. Alikuwa hodari wa kungoja.

"Futa uso," akasema baadaye. "Mzee yuko wodini na hajaambiwa. Nilikwenda jana, akakataa kunisikiliza. Amesema aliyeanza amalize. Kwa kawaida kazi hii simpi mtu mpya, lakini ndiyo kazi yenyewe, na leo umeajiriwa. Nitasimama nyuma yako."

Mzee Mtihani alikuwa amekaa kitandani, mguu umeinuliwa juu ya mto, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alipomwona anaingia hakungoja hata kuamkiwa.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, mzee."

"Eeeh!" Uso wote ukafunguka. Akageukia kitanda cha kulia, akageukia cha kushoto. "Mnamwona huyu? Huyu wangu! Nilimwambia aache mguu akakataa, mbishi kama nini, na amefaulu!" Wagonjwa wa jirani wakacheka, mmoja akapiga makofi. Mzee akacheka nao, kisha kicheko kikamwisha kidogo kidogo. Akamwona Profesa amesimama mlangoni. Akamtazama binti machoni, akainama mbele, akashusha sauti.

"Na mimi je, mwanangu? Nimefaulu?"

Dokta Chunusi akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda, akakaa. Akamwambia jina la ugonjwa kwanza, jina lake lote, bila kulifunika. Akamwambia siku ya kuingia chumba cha upasuaji, kitakachokatwa, ngozi itakapotolewa, na kwamba kwa muda mrefu atatembea na gongo. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. Alipofika pale pa mguu kubaki, mzee aliinua mkono kumsimamisha.

"Hapo," akasema. "Rudia hapo."

Akarudia.